Samaki Popo wa Vilindini: Umbo Lake na Maskani Yake

Mhadhara uliosomwa mbele ya walimu na wanafunzi mjini Mbeya, ukarudiwa Iringa



Mji huu wa Mbeya umekaa takriban mita 1700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Iringa, ambako nimealikwa kuyarudia maneno haya, umepungukiwa na huu kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo mtu wa Nyanda za Juu Kusini anapotajiwa bahari hudhani ametajiwa jambo la watu wengine, la watu wa majahazi na minazi, lisilomhusu yeye ila pale anaponunua dagaa sokoni Mwanjelwa, na hata dagaa hao aghalabu ni wa ziwani. Mimi nawaombeni leo mfanye hesabu moja nyepesi. Chukueni kimo hiki mlichokizoea, kuanzia barabara iliyo mbele ya jengo hili mpaka kule ambako mawimbi hupiga mchanga wa Dar es Salaam, kisha mkigeuze, mkipeleke chini ya maji badala ya juu ya nchi kavu. Na huko mtakakofikia, katika giza lisilojua alfajiri wala adhuhuri, na baridi ambayo mkulima wa Kitulo angeitambua mwezi wa Julai, juu ya tope laini lililokuwa likitua chembe kwa chembe tangu kabla ya babu zetu kuja katika milima hii, ndiko wanakokaa samaki wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima, ambao hawaelei wala hawaogelei saa nyingi za maisha yao, bali wamesimama kwa miguu minne. Hao ndio samaki popo wa vilindini, na habari zao ndizo nilizokuja nazo.

Ukoo wao wataalamu wanauita Ogcocephalidae, nao una jenasi kumi na spishi zaidi ya 70. Wametawanyika katika bahari zote za joto na nyingi za wastani, isipokuwa Bahari ya Mediterania ambamo leo hayumo hata mmoja. Na hili ni la ajabu, kwa kuwa mabaki ya kale ya samaki wa ukoo huu, aliyepewa jina la Tarkus, yalifukuliwa katika mawe ya Bolca, kaskazini mwa Italia, mawe yenye umri wa miaka karibu milioni 50, ambayo zamani yalikuwa chini ya bahari ya joto. Ndiyo kusema kwamba walikuwa na maskani huko, wakatoweka, na mahali pao pakasahau. Wapo baadhi yao wanaokaa maji mafupi, na mmoja wa hao, yule mwenye midomo myekundu wa visiwa vya Galapagos, amekwisha kupata sifa kuliko stahili yake kwa sababu ya midomo hiyo tu, huyo tumwache. Walio wengi hukaa kati ya mita 200 na mita 1000, na wengine, hususan wa jenasi ya Halieutopsis, wamepatikana chini zaidi, kwenye vina vya maelfu ya mita. Magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, wamo wa jenasi ya Halieutaea, walio wa mviringo, na wa jenasi ya Malthopsis, walio na kichwa cha pembetatu.

Aliyetangulia kuwaandika kwa utaratibu wengi wa samaki hawa wa Bahari ya Hindi hakuwa mvuvi wala profesa wa samaki, bali alikuwa tabibu. Alfred Alcock alipanda meli ya upimaji ya Serikali ya India, iliyoitwa Investigator, mwaka 1888, kazi yake ikiwa ni kuwaganga mabaharia na kuchunguza viumbe. Na kwa kuwa mabaharia, alhamdulillahi, hawaugui kila siku, alipata wasaa wa kupekua kila kilichopandishwa na nyavu kutoka chini. Mwaka 1889 akamwandika Halieutaea coccinea, na mwaka 1891 akawaandika Malthopsis lutea na Halicmetus ruber, kila mmoja kwa maneno machache yaliyopimwa sawasawa, ambayo hata leo mtu akiyasoma huku samaki yuko mezani ataona kwamba tabibu yule alikuwa na jicho lisilodanganyika.

Katika maji yetu wenyewe ilikuja kwanza meli ya Kijerumani, Valdivia, chini ya Profesa Carl Chun. Watu wa Iringa wataielewa tarehe yake kwa uchungu kuliko wengine: Mtwa Mkwawa wa Wahehe alifariki, akiwindwa na Wajerumani, tarehe 19 Julai 1898, na wiki mbili hazijatimia, tarehe 31 ya mwezi ule ule, Valdivia iling'oa nanga Hamburg kwenda kutafuta viumbe wa vilindini. Dola iliyokuwa ikiwinda watu milimani ndiyo iliyokuwa ikigharimia uwindaji wa samaki baharini, na sioni sababu ya kuyatenganisha mambo hayo mawili katika masomo ya historia. Machi 1899 meli ile ilikuwa Dar es Salaam, kisha ikakokota nyavu zake nje ya pwani ya Afrika Mashariki kuelekea kaskazini. Na samaki iliowapata aliwaandika August Brauer katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1906.

Baada yake ikaja Mabahiss, nayo ilikuwa meli ya Serikali ya Misri, yenye mabaharia Wamisri, iliyotoka Iskandaria Septemba 1933 na kurejea Mei 1934, ikifanya kazi kwa fedha za urithi wa Sir John Murray chini ya uongozi wa Seymour Sewell. Mwanzoni mwa 1934 ilikuwa katika maji yaliyo baina ya Mombasa na Zanzibar. Wataalamu wawili wa Kimisri walisafiri nayo, na mmoja wao, Daktari Hussein Faouzi, aliporudi kwao alitunga kitabu cha safari ile akajifananisha na Sindbad baharia. Nami naona alikuwa na haki, maana Sindbad wa hadithi hakupata kukiona hata kimoja kati ya viumbe waliotoka katika nyavu za Mabahiss. Samaki wa safari hiyo waliandikwa na J. R. Norman wa London mwaka 1939.

Sasa na tumtazame samaki mwenyewe. Mchukueni Malthopsis aliyehifadhiwa katika chupa ya spiriti, mumtoe, mumlaze juu ya sahani nyeupe. La kwanza litakalowashangaza ni kwamba hajui kulala ubavu kama samaki mwingine: hulala kifudifudi, kwa kuwa umbo lake limesagwa kutoka juu kwenda chini, kichwa kikapanuka hata kikameza kifua na tumbo, na vyote vitatu vikawa kitu kimoja cha pembetatu, ambacho mkia mnene umechomekwa nyuma yake. Jamaa yake Halieutaea, ambaye kichwa chake ni duara kamili, ukimtazama kutoka juu huna budi kumfikiria mkate wa kumimina ulioota mkia. Tumbo ni tambarare. Macho yako pembeni mwa paji la uso, makubwa kiasi, yakielekea mbele. Na katikati yake uso umechongoka ukatoa mwiba, ambao katika Malthopsis huelekea mbele au juu, mfupi lakini mkali.

Mpitishieni kidole mgongoni, polepole. Hana magamba ya kuparuliwa kwa kisu. Kila gamba limegeuka kuwa kinundu kigumu cha mfupa, chenye matuta yaliyotawanyika kutoka kileleni kwenda ukingoni, na vinundu vikubwa vimepangwa safu juu ya mkia na pembeni mwa kichwa, huku vidogo vikiijaza nafasi iliyo baina yao, hata ngozi nzima ikawa deraya. Kwenye pembe ya nyuma ya kichwa, kila upande, upo mfupa uliotoa miiba kadhaa midogo kwa pamoja, na huo ndio silaha yake pekee. Kwani hana mbio za kumtoroka adui, hana sumu aliyojulikana nayo, na katika nchi tambarare ya tope hakuna pango la kujificha. Aliye na deraya ya namna hii amekubali tangu mwanzo kwamba atakamatwa, na amejitayarisha asimezeke.

Baina ya vinundu hivyo, mkitumia kioo cha kukuzia, mtaona vijishimo vilivyozungukwa na nyuzinyuzi laini za ngozi. Vijishimo hivyo ni vya mstari wa ubavuni, ule ambao kila samaki anao na ambao kwa huo husikia mtikisiko wa maji. Ila kwa samaki popo mstari huo haukuridhika kukaa ubavuni, umezunguka uso, ukashuka mashavuni, ukafuata ukingo wa kichwa kizima. Katika giza la vilindini macho hutumika kuona vimulimuli vya viumbe wenzake, lakini habari za uhakika, nani anapita na ana ukubwa gani, huletwa na maji yenyewe juu ya ngozi.

Miguu ndiyo inayonipendeza kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo. Samaki wa kawaida, changu mathalan au mbasa wa Ziwa Nyasa, ana mapezi mawili ya kifuani nyuma ya matamvua, na mapezi mawili ya tumboni. Na katika maumbile ya wanyama wenye mgongo, mapezi ya kifuani ndiyo yanayolingana na mikono yetu, ilhali yale ya tumboni yanalingana na miguu. Samaki popo amevigeuza. Mapezi ya tumboni yamesogea mbele mpaka kooni, yakawa miguu midogo ya mbele. Na mapezi ya kifuani yamerudi nyuma, yakaota juu ya kipande cha nyama na mifupa mirefu kilichopinda mfano wa kiwiko, yakawa miguu mikubwa ya nyuma. Kwa hiyo anapotembea, anatanguliza kile ambacho kwa haki ni mguu, na kinachomsukuma kutoka nyuma ni mkono. Hutembea kwa kujivuta na kurukaruka, hatua chache, kisha husimama muda mrefu ameinua uso. Na akishtuliwa hupiga mkia, akaogelea kwa shida umbali mfupi, akatua tena. Pezi la mgongoni limebaki dogo sana, na kwa wengine halipo kabisa. Kibofu cha hewa, ambacho ndicho humfanya samaki mwingine aelee bila jasho, hana. Waliomwita kilema hawakumtazama vizuri: kila kilichoondolewa kwake ni cha kuelea, na kila kilichoongezwa ni cha kusimama.

Kinywa ni kidogo, kiko chini ya uso, na meno yake ni mafupi na mengi, ya kushika si ya kutafuna. Juu yake tu, chini ya ule mwiba wa paji la uso, kuna shimo mfano wa kijumba, na ndani ya kijumba hicho kimekunjwa kijiti kifupi chenye kinundu laini cha nyama nchani. Huo ni mshipi na chambo. Samaki popo ni wa kabila la Lophiiformes, kabila la samaki wavuvi, ambao kwao mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni umehamia kichwani na kuwa ufito wa kuvulia. Na mashuhuri katika kabila hilo ni wale wa vilindi vya kati, ambao chambo chao huwaka kwa nuru ya bakteria. Cha samaki popo hakiwaki. Tena kijiti chenyewe ni kifupi mno, hakiwezi kurushwa mbali, na kinundu kimejaa tezi. Ndiyo maana wataalamu wengi wameshika rai kwamba chambo hiki huvulia kwa harufu, kwa kumwaga majimaji ambayo mkondo mdogo wa chini huyachukua mpaka kwa kamba wadogo na minyoo ya topeni, nao hujileta. Rai hiyo naiona ya haki, maana mahali penye giza na mkondo wa polepole, harufu hufika kabla ya nuru na hukaa baada yake. Waliopasua matumbo yao wamekuta kamba wadogo, vikaa, minyoo ya bahari, konokono na samaki wadogo, yaani rizki ya asiyechagua.

Nimetaja wale wa nuru. Basi niseme neno moja juu ya ndoa, nisije nikaulizwa nje. Katika baadhi ya jamaa hao wenye chambo cha kuwaka, dume ni kijisamaki kidogo kinachojibandika kwenye mwili wa jike hata damu zao zikachanganyika, akawa halishwi ila na yeye. Samaki popo hana mambo hayo. Dume na jike ni sawa kwa umbo, kila mmoja anajitafutia chakula chake, na zaidi ya hapo sitaki kutia fitina katika nyumba za watu. Watoto wao huanza maisha juu, katika maji ya wazi, wakiwa viduara vilivyovimba ngozi na vyenye mapezi marefu, wakichukuliwa na mikondo. Wanapokua hushuka, huwa bapa, na kutua topeni, na safari yao ya kwanza ya kwenda juu tena aghalabu huwa ndani ya wavu.

Yabaki mambo mawili ya mwili, pumzi na uzito wa maji, na hayo ndiyo yatakayotutoa katika samaki na kutuingiza katika maskani yake.

Uzito wa maji huongezeka kiasi cha angahewa moja kwa kila mita 10, kwa hiyo kwenye mita 1700 kila eneo la sentimita moja ya mraba la mwili wa samaki hubeba kilo 170 na zaidi. Watu wengi huuliza ni kwa nini hapondeki. Hapondeki kwa sababu ndani yake hamna hewa ya kubanwa. Maji yaliyo ndani ya nyama yake yanasukuma nje kwa nguvu ile ile ambayo maji ya nje yanasukuma ndani, na maji hayakubali kubanwa ila kwa kiasi kidogo sana. Kinachoweza kuharibika ni kitu kidogo zaidi, yaani protini za mwili, ambazo chini ya uzito huo hukunjika vibaya na kuacha kazi. Na dhidi ya madhara hayo samaki wa vilindini hubeba katika nyama zao kemikali ambayo huzilinda, na kadiri samaki anavyokaa chini zaidi ndivyo anavyobeba nyingi zaidi. Kemikali hiyo hiyo, samaki akifa na vijidudu vikaanza kumla, huvunjika ikatoa ile harufu ambayo sisi tuliolelewa mbali na pwani huiita, kwa kuonea, harufu ya bahari.

Ama pumzi, samaki popo hupumua kwa uchumi mkubwa. Matamvua yake yamepunguzwa hata yamebaki kwenye matao mawili, au mawili na nusu, kila upande, ilhali samaki wengi wana manne. Na jina la jenasi moja, Dibranchus, ambayo Mjerumani Peters aliiandika mwaka 1876, limetokana na hesabu hiyo. Maji huvutwa kwa kinywa na kutolewa nyuma kwa tundu dogo lililo kwenye kwapa la ule mkono wa nyuma, juu, mbali na tope. Jamaa zake wa karibu wa ukoo wa Chaunacidae wamepigwa picha za sinema huko chini wakiwa wameyashika maji ndani ya mashavu yao hadi dakika nne kabla ya kuyatoa. Mnyama asiyekimbia hahitaji pumzi nyingi. Lakini kidogo anachokihitaji lazima kiwepo, na hapo ndipo lilipo neno langu la leo: kinachoamua kama samaki atakaa chini au hatakaa si kina wala giza, si baridi wala uzito, ni hewa iliyoyeyuka majini, na hewa hiyo hailetwi ila na maji yanayotembea.

Tazameni pwani ya Tanzania. Sehemu kubwa ya mwambao wake ina kitako chembamba cha maji mafupi, kilomita chache tu, kisha chini hukatika ghafla. Unguja na Mafia vimekaa juu ya kitako hicho, na mkondo wa Unguja una makumi ya mita tu. Lakini Pemba imetengwa na bara kwa shimo la mita 800 hivi, hata mvuvi wa Tanga akitweka tanga asubuhi, kabla ya jua kupanda sana huwa yuko juu ya kilindi halisi. Wavuvi hao, kwa nyavu zao za jarife, ndio waliowapandisha silikanti, samaki wa kale ambaye tangu mwaka 2003 amepatikana mara nyingi katika maji yetu, hata Tanga ikawekewa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki popo hawezi kunaswa na jarife, maana ni mdogo na hatoki topeni. Wala hali ndoana, kwa kuwa kinywa chake hakiitoshi. Kusini, nje ya Lindi na Mtwara, bahari ina mita 2000 na zaidi, na huko ndiko makampuni yalikotoboa visima vya gesi yakavipa majina ya jikoni: Zafarani, kilichogunduliwa mwaka 2012 chini ya mita zipatazo 2500 za maji, kisha Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligiliani.

Maji ya kilindini yaliyo juu ya visima hivyo yanatoka wapi? Yanatoka kusini ya mbali, kwenye bahari inayozunguka Antaktika, ambako baridi kali na chumvi huyafanya kuwa mazito, yakazama hali yamebeba hewa yaliyoivuta wakati yalipokuwa juu, yakatambaa chini ya bahari kuelekea kaskazini, yakapenya katika njia iliyo karibu na visiwa vya Amirante, yakaingia bonde la Somalia. Safari hiyo huchukua mamia ya miaka. Njiani bakteria hula sehemu ya hewa hiyo, lakini haiishi. Na samaki aliyesimama topeni nje ya Mtwara anavuta pumzi iliyoingia majini kabla ya Wareno kufika Kilwa.

Sasa geukeni upande wa pili, mtazame ziwa lenu. Ziwa Nyasa, ambalo ufuko wake wa Matema uko katika mkoa huu, lina kina cha mita 700 hivi, na kwa kuwa uso wake hauko juu sana, kitako chake kiko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Yaani mtu wa Kyela anayo sakafu iliyo chini kuliko bandari ya Dar es Salaam. Lina spishi za samaki kwa mamia, utajiri ambao mataifa yenye maziwa makubwa zaidi yanauonea wivu. Lakini samaki wote hao wamejazana juu. Kuanzia mita 200 au 250 kwenda chini hakuna samaki hata mmoja, mkubwa wala mdogo, mwenye miguu wala asiye nayo. Giza la huko si zito kuliko la baharini, baridi haipo kabisa, maana maji ya chini yana joto la digrii 22 na zaidi, na uzito wake hauufikii ule anaoubeba samaki popo wa mita 1700. Kinachokosekana ni mzunguko. Maji ya juu ni ya joto zaidi na mepesi zaidi, yamelala juu ya yale ya chini mwaka nenda mwaka rudi, upepo hauna nguvu ya kuyachanganya mpaka kitakoni, na kila kinachokufa juu huzama, huoza, na kuoza hula hewa mpaka ya mwisho, ikabaki gesi yenye harufu ya yai viza. Ziwa Tanganyika, lenye mita 1470, lina hali hiyo hiyo.

Wala msidhani kwamba bahari imepewa kinga. Ile meli ya Mabahiss, ilipokokota nyavu zake katika Ghuba ya Omani na kando ya pwani ya Uarabuni, ilipandisha tope lenye harufu hiyo hiyo ya yai viza, bila kiumbe ndani yake, kwa kuwa katika sehemu ile ya bahari tabaka kubwa la maji ya kati limeishiwa hewa. Nahodha wa Sur aliyekuwa akija Zanzibar kwa pepo za kaskazi alikuwa anatoka juu ya chini iliyokufa kwenda juu ya chini iliyo hai, na tanga lake halikujua tofauti. Bahari ikizidi joto hushika hewa kidogo, na juu na chini huchanganyika kwa shida zaidi. Hayo yamekwisha kupimwa katika bahari nyingi katika nusu karne iliyopita. Kwa hiyo mwalimu wa sayansi wa Kyela anayewaonyesha wanafunzi wake jinsi ziwa lao lilivyogawanyika, anawafundisha habari za bahari kwa haki kabisa, hata kama hakuna mmoja wao aliyepata kuiona.

Namalizia kwa ombi. Samaki wa vilindi vyetu waliopatikana na Valdivia wako Berlin, na waliopatikana na Mabahiss wako London. Wametunzwa vizuri, na mwenye ruhusa na nauli anaweza kuwaona. Nchi yetu ina Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1978, na ina Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ambayo kimojawapo cha vituo vyake kiko hapo Kyela, mwendo wa saa chache kutoka ukumbi huu. Vyombo vya makampuni ya gesi hushuka na kamera zao mpaka sakafu ya bahari, na nyavu za utafiti hupita mara kwa mara. Kila kinachopanda katika nyavu hizo, ijapokuwa ni kijisamaki cha sentimita saba kisichofaa kitoweo, kitiwe katika chupa, kiandikwe siku, mahali na kina, na chupa moja ibaki hapa nchini. Nanyi vijana wa Mbeya na Iringa mnaosoma baolojia na kemia, msijitoe katika kazi hiyo kwa sababu mmezaliwa juu ya milima. Nafasi za masomo ya bahari hutangazwa kila mwaka, nazo hazimwulizi mwombaji kama anajua kuogelea.